Kipimo cha Thoa Mtungini

LỰC: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ngeni hii.

THOA: Dada yako. Napiga kwa simu ya kazini, maana yangu hupokei.

LỰC: Aa, dada Thoa! Shikamoo. Za huko mjini Cần Thơ?

THOA: Marahaba. Mama hajambo?

LỰC: Hajambo. Yaani… yupo tu.

THOA: Na samaki wake?

LỰC: Wamekufa. Bwawa zima, matumbo juu.

THOA: Hilo nimeshaambiwa na majirani. Kipimo changu cha maji kiko wapi?

LỰC: Kiko palepale mferejini, ulipokifunga—

THOA: Acha zako, dogo!

LỰC: Kweli bana! Kinapima ile kaboni ya vitu vilivyooza, taa ya kijani ya maji salama inawaka huku jikoni—

THOA: Haijazimika hata kidogo! Lực, maji yanajaa na kupwa mpaka mferejini kwetu. Namba lazima zipande na kushuka. Zinazonifikia huku simuni zimelala chali, tena safi kama mvua. Nani ana maji ya mvua hapo nyumbani?

LỰC: (mtandao unakwaruza) …sikupati vizuri, dada…

THOA: Mtungi wa nyuma ya jiko! Umekitumbukiza mtungini, sivyo?

LỰC: Punguza sauti basi.

THOA: Sivyo?

LỰC: Mkwe aliniomba. Baba yake Diễm. Kiwanda chake kinamwaga maji machafu ya muhogo mferejini, wakaguzi wanasoma namba zako, na posa yangu kwa binti yake ni Jumapili. Ningemkataliaje?

THOA: Na mama? Si anafungua lango la bwawa kuingiza maji ya mfereji akiona kijani?

LỰC: Nilimwambia asifungue! Akaniuliza kwa nini, nikababaika. Akasema, "Kipimo cha Thoa hakidanganyi." Akafungua. Dada? Upo?

THOA: Nilikiunga kwa mikono yangu, Lực. Taa ndogo na kijicho cha kuonea maji, vitu rahisi tu, ili mama alale usingizi. Sasa anajua nini?

LỰC: Anajua… kimeharibika.

THOA: Ndiyo maana hapokei simu zangu.

LỰC: Amesema pia… Jumapili usije. Hataki kukuona kwanza.

THOA: Alisema mbele yako? Ukamjibu nini?

LỰC: Nilimmiminia chai.

THOA: Umeniuza. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyekubeba mgongoni, umeniuza kwa mama yangu mwenyewe! Mpe simu.

LỰC: Amelala.

THOA: Amelala na namsikia anawaita bata?

LỰC: Nitamweleza, dada. Posa ikipita tu, naapa—

THOA: Mama! Mama-a!

LỰC: Usipige kelele, atakusikia! Haya, chaji inaisha, kwaheri—

THOA: Lực, usikate! Lực?… Haloo?