Oktoba Kumi na Mbili za Bwana Baadaye

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wake marehemu, huyu anayesimama mbele yenu, fundi makochi ambaye wengi wenu nyumbani mnakalia kazi ya mikono yake, awasomee maisha ya kaka yake, na anaomba mumvumilie, kwa sababu karatasi aliyopewa ilikuwa ya ukurasa mmoja, na yeye jana ameongeza mengine kwa kalamu bila kumuuliza mtu.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi mitambo wa kiwanda hicho na mkewe mshona nguo, na mama yao alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili, kana kwamba anasubiri bei ishuke. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1968, akapata cheti cha uhasibu mwaka 1970, na kote huko alisifiwa kwa hesabu, isipokuwa mwaka ule wa darasa la tatu alipopewa pipi kwa kushika namba moja, akaiweka mfukoni aje aile siku ya kufunga shule, ikayeyuka, suruali ikaharibika, na mama yao akamcharaza huku anacheka.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa kuwa karani katika mfuko wa pensheni za wafanyakazi, ghorofa ya pili, meza iliyo karibu na kabati la chuma, akabaki kwenye meza hiyo hiyo kwa miaka arobaini, na kazi yake ilikuwa kutazama jedwali la umri na kukadiria kila mstaafu atakula pensheni miaka mingapi kabla hajafa, kazi aliyoifanya bila kelele na, wenzake waliopo hapa ni mashahidi, bila kukosea sana, kiasi kwamba wastaafu wengine walikuwa wakipita mlangoni kwake wakitazama chini. Alikuwa mpole, hakumnyima mtu msaada, lakini ukimwalika sinema, au hata kunywa soda ng'ambo ya barabara, jibu lake lilikuwa baadaye, na ndipo jina la Bwana Baadaye lilipomganda mpaka leo.

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, alifunga ndoa na mpiga chapa wa ofisi hiyo hiyo, mwanamke mcheshi, aliyekuwa na tabia ya kukifudikiza kikombe chake, mdomo chini, kwenye kisahani akimaliza chai ili asiongezwe, ilhali mume wake siku zote alibakiza kidogo, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1978 na mwana aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1981. Shemeji yetu alimwomba mume wake kitu kimoja tu, wakakae kwenye baraza ya nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, aliyoiona kwenye picha ya kalenda, watazame maji bila kazi yoyote, na marehemu hakukataa, aliahidi, ila alitaka kwenda kwa mpango.

Mpango huo aliuandaa mwaka 1988, na mkewe akaupiga chapa kwa mashine ya ofisini, kurasa mbili, na wote tulionyeshwa, maana marehemu aliutoa kwa wageni kama wengine wanavyotoa albamu ya picha. Alichukua jedwali lake la umri, akaona kwamba mwanaume anayestaafu ana miaka sitini anabakiwa na kumi na miwili kasoro miezi michache, akaiita Oktoba kumi na mbili, na kwa kila Oktoba akaweka siku kumi kando ya ziwa, chumba namba nne, watu wawili, boti siku ya tatu, chai ya saa kumi barazani, vikombe viwili. Ili kuzilipia alinunua hati fungani za serikali, moja moja kila alipopandishwa mshahara, akazipanga ziive, yaani zilipwe, kila Septemba, ya kwanza mwaka 2011 na ya mwisho mwaka 2022, na mdogo wake alipomtania kwamba je, jedwali likikosea, alijibu bila kucheka kwamba jedwali halimtazami mtu, linatazama watu.

Mwezi Novemba 2009 shemeji yetu aliugua figo, na jioni moja, mbele ya mdogo wake marehemu aliyekuwa amekuja kubadilisha kitambaa cha makochi, alimwambia mumewe, "Baba, tusingoje tena, nipeleke nikaone maji nikiwa bado natembea." Marehemu alichukua kalamu, akakokotoa hasara ya kuiuza hati ya kwanza kabla haijaiva, akasema wastahimili kidogo, watakwenda baadaye, na mkewe akakifudikiza kikombe chake, hakuzungumza tena habari hiyo, akafariki dunia tarehe 2 Mei 2010, miezi kumi na siku saba kabla mumewe hajastaafu. Hasara yenyewe haikufika bei ya kochi moja. Mdogo wake alikuwepo na sindano mkononi, alinyamaza, na kunyamaza huko kunamuuma mpaka dakika hii.

Marehemu alistaafu tarehe 9 Machi 2011, na hati ya kwanza ilipoiva Septemba alikwenda ziwani peke yake, akalipia watu wawili, na watoto wake walipomsihi apunguze gharama alisema kwamba nusu ya zile fedha hazikuwa zake. Tulimhurumia, tukadhani ataacha, lakini mwaka wa pili akarudi na uso wa mtu aliyepumzika, na mwaka wa tatu binti yake alikuta kwenye risiti sukari ya watu wawili, taulo mbili za kufua na vitanda viwili vya kutandika upya. Mama mwenye nyumba ya wageni, alipopigiwa simu, alisema yeye anapeleka vikombe viwili vilivyojaa na kuchukua viwili, kimoja kimebakizwa chai kidogo, kingine kikavu, kimefudikizwa. Mwendesha boti alisema boti yake ni ndogo, abiria mmoja akikaa upande lazima ilale upande huo, ila kwa mzee huyu ilikuwa inakaa sawa, na yeye alikuwa akipiga makasia akiwa amewapa mgongo.

Sisi watu wazima tulijua majibu, nayo yalikuwa kwamba kuna mwanamke anakula pensheni, hivyo mwezi Oktoba 2017 mdogo wake alipanda basi bila kuaga, akaenda kumfumania. Alifika saa kumi na robo, jua bado kali, akamkuta kaka yake barazani, viti viwili vyenye mito, kimoja amekikalia, kingine kitupu, na njia ya kutoka ni moja tu, ile aliyoijia yeye. Sasa huyu ni fundi makochi kwa miaka zaidi ya arobaini, na anachojua kuliko vyote ni sponji, kwamba sponji ya aina ile ikikaliwa na mtu akainuka, inachukua kama dakika moja kurudi juu, na alipokitazama kile kiti kitupu, mto ulikuwa umebonyea katikati na unapanda taratibu mbele ya macho yake, na alipouwekea kiganja ulikuwa na joto. Kaka yake alimtazama kwa upole, akasema, "Umepishana naye sasa hivi tu, vuta kiti kingine, hicho kina mtu."

Alivuta kiti kingine, akanywa maji, akapanda basi la jioni, akatuambia familia kwamba hakuna mwanamke, na hayo ya mto hakumsimulia mtu mpaka leo.

Tangu Aprili 2020 marehemu alisumbuliwa na moyo, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, na mwezi Agosti 2022 daktari alimkataza kusafiri, lakini hati ya kumi na mbili iliiva tarehe 15 Septemba, na Jumatatu tarehe 10 Oktoba binti yake, baada ya kulia na kubishana, alimpeleka mwenyewe kwa gari, akamwambia atamfuata tarehe 20, na baba yake akamshika shavu, akamwambia asihangaike. Siku ya Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022, saa kumi na dakika ishirini jioni, mama mwenye nyumba alikwenda kuchukua vyombo, akamkuta ameegemea kiti chake, kichwa kimeinama kidogo upande wa kiti cha pili, amekwisha kutangulia, na mezani vikombe vyote viwili vilikuwa vikavu, na vyote viwili vimefudikizwa. Watoto wake wanasema hawajawahi kumwona baba yao akimaliza chai.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano na nyumba, na kwa ndugu wanaouliza chini chini kuhusu fedha, hazipo, tulidhani mtu mmoja hawezi kumaliza fedha za wawili, lakini zimekwisha. Jana usiku tuliutoa ule mpango wa mwaka 1988, na kwenye mstari wa Oktoba 2022 imepigwa chapa, kwa wino ule ule uliofifia, nauli ya watu wawili, kwenda tu. Mmoja wetu alisema mpiga chapa alisahau kurudi, lakini waliofanya kazi na shemeji yetu wanajua kwamba hakuwa mtu wa kuruka hata nukta.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi kwa siku hizi zote, wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya pili, na mwendesha boti aliyesafiri siku nzima kuja hapa. Mdogo wake marehemu ana lake la ziada, kwamba mke wake, aliyekaa pale safu ya tatu, amekuwa akimwomba waende mahali tangu watoto wakiwa wadogo, naye amekuwa akisema tumalize kwanza kazi za wateja, basi jana asubuhi alikwenda benki, akavunja akiba yake kabla ya muda, akakatwa alichokatwa, akampigia simu mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye pia tunamshukuru sana, kumwomba chumba cha watu wawili kuanzia wiki ijayo. Mama huyo alimwambia achague chumba chochote anachopenda, isipokuwa namba nne, kwa sababu namba nne ina watu.

Mdogo wake marehemu hakuuliza ni kina nani. Kaka, shemeji, pumzikeni kwa amani.