Taa za Mzee Spea Hazikuwa na Kosa

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kufika. Lakini tusidanganyane. Wapo hapa waliokuja kumzika marehemu huku wamebeba lile neno la mtaani, kwamba mzee alifunga taa za nchi za nje kwenye gari lake bila kujali, akampofusha mtu barabarani. Neno hilo haliingii kaburini naye. Sikilizeni maisha yake, tutalifikia.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Spea, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1955 kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, wa kwanza kwa baba mchomea vyuma na mama aliyefua nguo za watu. Baada yake alizaliwa mdogo wake mmoja, ambaye yupo hapa, na leo atasikia mbele yenu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, ile iliyokuwa ng'ambo ya tanuri la matofali, akamaliza darasa la saba 1969. Sekondari hakwenda. Karo ilikuwa ya mtoto mmoja, na aliyepelekwa ni mdogo wake. Marehemu hakulalamika hata siku moja. Sisi ndio tunaolalamika.

Mwaka 1974 aliajiriwa kiwanda cha uchapaji, akaendesha mashine ya kukata karatasi hadi alipostaafu 2010, vidole vyake vyote kumi vikiwa mahali pake. Waulizeni wenzake kama hilo ni jambo dogo.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mshona sare wa pale kiwandani, huyu mjane aliyekaa mbele yenu. Wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1991 wakanunua gari, na gari lenyewe lilikuwa tayari kuukuu. Watengenezaji walishaacha kuleta spea zake huku kwetu, zikawa zinapatikana za nchi za nje tu, zile ambazo usukani uko kushoto na watu wanapita kulia. Mafundi wakamwambia, "Mzee, zika hilo gari." Marehemu akawajibu, "Mtu hazikwi anapumua."

Akaagiza, akafunga mwenyewe. Mwanzo hakupatia, tuseme ukweli. Alifunga waipa za nje, kumbe zimepangwa kumfutia dereva wa kushoto. Mvua iliponyesha, aliyekuwa anaona barabara vizuri ni mkewe aliyekaa upande wa abiria, na mzee kwenye usukani anatazama maji. Mama akawa anapaza sauti, "Shimo, baba watoto! Mbele mbuzi! Sasa kata kona!" Mzee anakata. Walipofika nyumbani mama akasema, "Leo nimeendesha mimi, wewe umeshika usukani tu." Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akazitoa waipa, akachonga vyuma vyake upya, hadi kioo chote kikafutika upande wake. Huyo ndiye mtu mnayesema hajali.

Sasa taa. Mwaka 2019 taa za mbele zilikufa, akapata za nje. Marehemu alijua kabla hajakata waya kwamba taa za kule zinainua mwanga upande wa kulia, na kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzako, unampiga machoni. Kwa hiyo alisimamisha gari mbele ya ukuta wa stoo, mama akachora mwanga kwa chaki, naye akaziba kile kipande cha kioo kinachoinua mwanga kwa tepu nyeusi ya umeme. Hakutosheka. Akamkalisha mama kwenye usukani, akatoka barabarani, akaja akitembea kuelekea taa kama mtu wa baiskeli, macho wazi. Akabandua, akabandika, akarudi tena kutembea. Macho yake mwenyewe ndiyo aliyopimia. Miaka mitano akaendesha hivyo, na hakuna aliyemlalamikia. Kama yupo anyooshe mkono.

Figo zilianza kumsumbua 2021. Februari 2024 akalazwa hospitali kuu, wodi ya wanaume ya ghorofa ya pili, na gari akamwachia mdogo wake ili ampelekee chakula. Siku moja mwezi wa Mei mama anaanika nguo, anamwona shemeji yake kachuchumaa mbele ya gari na wembe.

"Shemeji, unakwangua nini hapo?"

"Hizi tepu. Gari limekaa kama lina makengeza. Watu watanionaje?"

"Acha! Kaka yako kaziweka kwa sababu."

"Ah, shemeji, nitazirudisha."

Hakurudisha. Wiki hiyohiyo, giza linaingia, akakutana na kinyozi wa hapa mtaani akiwa juu ya baiskeli yake. Kinyozi hakuona kitu, akaingia mtaroni, akavunjika mkono. Watu walipojaa, mdogo mtu akasema nini? "Taa za kaka hizo, za nje. Nilimwambia siku nyingi."

Alimwambia lini? Kwa mdomo upi?

Neno likapanda hadi wodini. Watu walikuja kumwona mgonjwa, badala ya pole wanamletea lawama. "Mzee, na wewe na spea zako!" Mama akitaka kufungua mdomo, mgonjwa anambana mkono. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa moja asubuhi, mkewe akiwa pembeni, na lawama ile bado iko juu yake.

Wasifu huu ulisomwa jana sebuleni, mdogo wake akiwepo, ili asije kusema kasemwa mgongoni. Akasema, "Chapeni. Ni kweli. Nilikwenda wodini kumwambia. Akasema keshanisamehe, nisimwambie mtu, eti mimi nina miaka mingi ya kuishi na hawa majirani, yeye hana."

Mama akamtazama. "Kwa hiyo yeye kakusamehe."

"Ndiyo, shemeji."

"Basi umesamehewa na aliyelala. Sisi tuliosimama bado. Anza na kinyozi, uende kwa miguu yako."

Akaenda. Kinyozi yupo hapa, mkono ungali kwenye plasta, na ameomba awe mmoja wa watakaoshika jeneza kwa ule mkono mzima.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto wa kiume, wakwe wawili, wajukuu watano, na mdogo wake. Gari haliuzwi, msiulize.

Apumzike, na jina lake lipumzike pamoja naye.