Fundi Pindo, Mama wa Mtoto Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Nimesimama hapa kusoma maisha ya mama yangu. Waliohudhuria kikao cha mazishi juzi waliiona karatasi ya kwanza, iliyoandikwa na mjomba, kitinda mimba wa nyumba yao, ikisema kwamba marehemu "hakujaaliwa mtoto". Karatasi hiyo sikuisoma mara mbili. Hii mliyonayo mkononi nimeiandika mimi, nakala mia mbili zimeshachapwa, na mwenye neno anifuate mwenyewe baada ya maziko, asiende kulisemea jikoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika chumba cha nyuma cha kibanda cha viatu, akiwa wa nne kati ya watoto watano wa fundi viatu na mkewe aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Inasemekana siku hiyo baba yake alikuwa anamtilia mteja soli, akaambiwa mtoto amefika, naye akajibu kwamba anakuja akishamaliza mguu wa pili. Wanaomjua marehemu wataona kuwa ukaidi wake hakuuokota njiani.

Alianza shule Januari 1956 akaishia darasa la sita, Desemba 1961. Hakufeli. Alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, na ripoti ipo kwa atakayetaka kuiona. Nyumbani iliamuliwa kwamba asome mdogo wake wa kiume, yeye akakalishwa kwenye cherehani ya shangazi yake ajifunze kazi. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha mjomba mpaka akajua kuandika neno "hakujaaliwa". Nasema hivi kwa upendo, na mjomba anajua.

Mwaka 1968 alifungua karakana yake, chumba kimoja chenye dirisha linalotazamana na geti la shule ya msingi, akashona sare za shule hapo kwa miaka hamsini. Jina la Fundi Pindo alilipata kwa sababu kila sare yake ilikuwa na pindo la vidole vinne kwa ndani, mtoto akirefuka linafumuliwa kidogo, akirefuka tena linafumuliwa tena. Wazazi walimpenda kwa hilo. Watoto walimnung'unikia, maana sketi ilikuwa nzito kama pazia. Yeye alisema nguo ya mtoto haishonewi mtoto wa leo peke yake.

Alikuwa na daftari la vipimo, kubwa, la jalada gumu. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake: juu jina la mtoto, chini yake jina la mzazi, kisha tarehe, urefu, kifua, kiuno na bega. Aliwapima wote mara moja kwa mwaka, kila Januari. Naomba mlikumbuke daftari hilo, nitalirudia.

Tarehe 4 Septemba 1971 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na meza ng'ambo ya barabara. Waliishi vizuri miaka tisa. Mtoto hakuja, na ndugu wa mume wakaanza kuhesabu miaka kwa sauti, hadi mwaka 1980 fundi saa akawasikiliza akaoa kwingine. Marehemu hakugomba. Alimpigia pasi nguo zake zote, na suruali akazipanua viuno, kwa sababu alisikia mke mpya anajua kupika. Fundi saa yuko nasi leo, ameketi safu ya tatu, na ameniomba niseme kwamba suruali zile zilidumu sana.

Sasa nifike kwangu. Aliyenizaa alikuwa mpiga pasi katika karakana hiyo hiyo. Nilizaliwa tarehe 22 Machi 1987. Baba, dereva wa lori, alikuwa ameshaondoka, na kabla ya kesi nitakayoisimulia aliniona mara moja tu, nikiwa na mwaka mmoja na nusu. Tarehe 30 Julai 1989 mama yangu mzazi alifariki kwa homa ya mapafu. Siku ya tatu jamaa walikaa kuulizana nani amchukue mtoto, kila mmoja akawa anatazama viatu vyake. Marehemu akanibeba mgongoni akaondoka, akisema ana sare thelathini za kumaliza na hawezi kungoja watu wamalize kuangalia chini.

Dada yake mkubwa, ninayemwita mama mkubwa, alimwonya.

"Mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio. Utamlea, akikua atakwenda kwao."

"Akienda ataenda ameshiba," marehemu akamjibu, akaendelea kukata kitambaa.

Kwa miaka minne hakuna aliyeuliza habari zangu. Kisha Juni 1993 akaja shangazi, dada wa baba, na barua ya baba inayosema nichukuliwe. Shangazi alikuwa amejifungua pacha na alitaka mtu wa kuwabeba. Hakuficha. Alinigeuza akanitazama, akasema, "Ana miaka sita, mgongo umeshakomaa." Marehemu alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akamwambia arudi na karatasi ya mahakama. Shangazi akamuuliza, "Na wewe unayo?"

Hakuwa nayo. Alikuwa amenilea, ameniuguza surua, ameniandikisha shule, na hakuwa na karatasi hata moja inayosema mimi ni wake. Jumatatu iliyofuata aliifunga karakana siku ya kazi, jambo ambalo hakulifanya hata siku fundi saa alipoondoka, akaenda mahakamani kuomba haki ya kunilea kisheria.

Karani alimpa fomu. Palikuwa na nafasi ya kujaza uhusiano wake na mtoto.

"Hapa andika 'hakuna'," karani akamwambia. "Wewe si mama, si shangazi, si bibi."

"Siandiki hakuna."

"Basi fomu haipokelewi."

"Basi nitarudi kesho."

Alirudi kesho, akarudi na keshokutwa. Siku ya tatu karani, ambaye wanawe wawili walivaa sare za Fundi Pindo, alichoka, akachukua kalamu akajaza mwenyewe: "Fundi wa mtoto." Ndivyo lilivyo jalada letu mahakamani hadi leo.

Nyumbani vita vilikuwa vikali kuliko mahakamani. Mjomba alikuja na suti yake ya ofisini kumsihi aache. Alisema jina la familia linaburuzwa kortini kwa ajili ya mtoto wa watu. Alisema, "Dada, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Marehemu akamwambia, "Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mimba sikulea, kwa hiyo nimebakiwa na kazi yenyewe. Niache niifanye." Mjomba aliondoka bila kunywa chai. Nilikuwa chini ya meza ya kukatia, nimesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba ninaweza kuchukuliwa. Niliogopa sana. Msiniulize kwa nini leo ninasema kwa sauti kubwa.

Kesi ilichukua miezi kumi na saba na kuitwa mara tisa. Siku ya mwisho ya kusikilizwa, mapema Novemba 1994, marehemu alitoka karakanani kwa haraka akaingia kortini na utepe wa kupimia shingoni. Askari wa mlangoni akamwambia auvue. Alimwambia ni sehemu ya nguo, akapita. Baba alikuwepo, amekuja na wakili.

"Una cheti gani, mama, kinachoonyesha huyu mtoto ni wako?" wakili akauliza.

"Sina cheti. Nina daftari."

Wakili alicheka. Hakimu hakucheka, akaomba alione. Watoto wote wa mtaa walikuwa na mstari mmoja kwa mwaka. Ukurasa wangu ulikuwa na mistari ishirini na miwili, kila baada ya miezi mitatu tangu Agosti 1989, bila kuruka hata mmoja. Sijui alitarajia nini, maana sikuwa nikikua kama mwanzi. Hakimu aliupitia mstari kwa mstari kwa kidole, kisha akainua kichwa akamuuliza baba, "Mtoto wako ana urefu gani sasa?"

Baba alisimama. Akanyoosha mkono, akafikiri, akaushusha, ukasimama juu kidogo ya goti. Hakimu akaniita nikatoka kwenye benchi la nyuma, nikaenda kusimama kando ya baba. Nilimfika mbavuni. Baba aliutazama mkono wake kisha akanitazama mimi. Sikumcheka siku ile na leo simcheki. Alikuwa amepima mtoto aliyemwacha.

Hakimu akamgeukia marehemu na swali lile lile.

"Mia moja ishirini na mbili, Mheshimiwa. Nilimpima Jumanne."

Karani akaambiwa anipime kwa ule ule utepe wa shingoni. Akasema mia moja ishirini na nne.

"Mbili ni za viatu," marehemu akasema.

Uamuzi ulisomwa Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1994. Hakimu alieleza wazi kwamba mahakama haigawi watoto kwa utepe, na kwamba alizingatia pia maelezo ya mwalimu wangu na ripoti ya afisa ustawi wa jamii aliyefika karakanani mara mbili bila taarifa. Aliamuru nibaki nilipo, chini ya malezi ya fundi, na baba aruhusiwe kunitembelea. Baba alikuja mara mbili na biskuti. Alifariki mwaka 2001, naye Mungu amrehemu. Marehemu alitoka kortini akafungua karakana saa nane mchana, kwa sababu Januari ilikuwa inakaribia.

Alinisomesha mpaka chuo cha upimaji ardhi. Yeye aliita kazi yangu kupima bila kushona. Mwaka 2018 macho yalikataa kutunga uzi kwenye sindano, akafunga karakana. Kisukari alikuwa nacho tangu 2009, na mwishoni mwa 2023 kikafika kwenye figo. Tarehe 18 Januari mwaka huu ilibidi afanyiwe upasuaji, na muuguzi akataka ndugu wa kutia sahihi. Alitazama vitambulisho vyetu, akasema majina hayafanani, mimi ni nani kwa mgonjwa. Kabla sijajibu, marehemu alifungua jicho moja kitandani akasema, "Mpime." Muuguzi hakuelewa. Mimi nilicheka mpaka nikakalia kiti cha mgonjwa mwingine, kisha nikatia sahihi. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, hospitali ya wilaya, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Nilikuwa nimemshika mkono.

Ijumaa nilifungua daftari nipate vipimo vya nguo yake ya mwisho. Havimo. Alipima watoto wa mtaa mzima na hakuwahi kujipima mwenyewe. Ikabidi nimpime mimi, kwa utepe wake, kisha nikamfungulia ukurasa. Ndipo nilipourudia wangu. Mahakamani walisoma vipimo. Sidhani kama yeyote alisoma kichwa cha ukurasa. Ni cha tarehe 5 Agosti 1989, siku sita baada ya aliyenizaa kufariki, miaka mitano kabla ya hakimu. Juu kuna jina langu. Chini yake, panapoandikwa mzazi, ameandika: "Mimi."

Nililiweka daftari mbele ya mjomba kwenye kikao. Aliusoma ukurasa, akavua miwani, akasema, "Mwandiko ni wa dada." Sikumdai zaidi. Lakini kikao kilikuwa na watu wengi na wengine walinong'ona, ndiyo maana leo nimesoma kwa sauti. Daftari liko kwenye meza pale karibu na maua. Mwenye shaka ajisomee.

Marehemu ameacha dada mmoja, mdogo wa kiume mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili ambao sketi zao bado ni nzito, na wateja ambao wengi wao wamekwisha kuwa babu na bibi. Ameacha mtoto mmoja. Ndiye anayesoma.

Mama, Mungu akulaze panapokutosha. Nguo uliyovaa nimeishona mwenyewe, na kwa ndani nimekuachia pindo la vidole vinne.