Jina la Fuko

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, kulikuwa na manyunyu na mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Katika Hiace ya Old Moshi, Mektrida, mwanafunzi wa madarasa ya jioni mwenye wajukuu, alifunga daftari lake asikilize ugomvi uliozuka kiti cha mbele.

"Mwalimu Elinipendo, umempa mwanangu utafiti au wazimu?" alifoka mzee Wenseslaus, mtego mpya wa waya magotini. "Fuko anamaliza migomba yangu, na Theodora ananikataza kumgusa!"

"Baba Theodora, kila mtoto wa kundi la wenye vipaji alichagua mnyama wake wa kuchunguza. Mwanao ana miaka tisa na ameandika kurasa kumi na moja. Ukimuua fuko leo, kesho ataandika nini?"

"Ataandika kwamba amekufa."

Abiria walicheka. Mwalimu hakucheka. "Amempa fuko jina lako. Anasema huyo naye huamka kabla ya wote, akalima mpaka giza."

Mektrida, ambaye kuandika ukurasa mmoja humchukua wiki nzima, alimwomba Mungu amlainishe mzee moyo.

Gari liliposimama, mzee alishuka na mtego wake, akageuka mlangoni. "Nyote ni mashahidi: sitautega mpaka Theodora amalize kuandika. Lakini siku akimaliza, mwalimu, shambani atabaki Wenseslaus mmoja!"