Treni ya Ndani ya Kitabu

Ku Mikelenge, kando ya njia ya kwenda gare ya treni, iko benchi moja: ni traverse ya zamani ya reli, ule muti muzito wenye kulalaga chini ya vyuma, wameulaza juu ya matofali. Mama Euphrasie anauzaga kahawa ya tangawizi pale. Wateja wake wa kila siku ni watatu. Jérôme, mwenye alifanya kazi ya reli, wanamwita Locomotive. Idrissa mushonaji wanamwita Avocat, wakili, juu hajapata kushindwa mabishano. Na Mama Scholastique, ao Mama Scholo, mwenye alianza kusoma na miaka makumi tano na sita, katika darasa la wamama la parokia. Mwezi muzima sasa anawasomea kitabu cha upelelezi cha wakati wa vita, kwa sauti, mustari kwa mustari, na ole wake mwenye kumusaidia hata neno moja.

Kitabu kile kimeandikwa kwa vijana na wakubwa. Mutoto mwanamuke mumoja, Fifi, anatafuta babu yake mwenye alipanda treni ya mwisho ya mwaka wa 98 kutafuta chumvi, reli ikakatika nyuma yake. Na Bienfait, bwana ya Mama Scholo, alipanda treni mwaka ule ule, kutafuta chumvi, mupaka leo hajarudi. Basi tangu ukurasa wa kwanza mama alijua: ule njo Bienfait. Kama si yeye, nani aliambia mwandikaji habari ya chumvi?

— Turudilie, akasema Avocat. Fifi amekuta nini mupaka sasa?

— Kofia, akajibu Mama Scholo. Na tikiti. Na ule mwanamuke wa Kibombo mwenye alisema muntu mumoja alipita kwake anachechemea, akaomba maji.

— Basi mambo iko wazi. Muzee alivuka ziwa. Iko Kigoma, ana duka ya bitenge, ana bibi mupya, munene.

— Na bibi wa hapa? Mama Euphrasie akakunja uso.

— Alimusahau.

— We Avocat! akasema Mama Euphrasie. Muntu anatoka nyumbani juu ya chumvi ya watoto, atasahau? Alirudi kwa miguu, akafika Pangi, wakamukamata achimbe mawe ya madini. Anachimba mupaka leo. Hawamuachilie, juu yeye peke yake njo anajua mahali mawe mazuri yanalala.

Locomotive akatikisa kichwa kama mwalimu amechoka na darasa.

— Ninyi hamujue reli. Treni haipotee kama mbuzi. Dereva alisikia masasi mbele, masasi nyuma, akaingiza treni katika kanjia ka pembeni, kale ka zamani ka kubebea miti. Wakafunika mawagon na majani. Wako mule. Wanalima mihogo kando ya vyuma. Watoto wamezaliwa ndani ya wagon. Ukiwaonyesha nyumba haina magurudumu, watakucheka.

— Miaka yote hii hakuna aliyewaambia vita imeisha?

— Nani awaambie? Wewe ulikwenda?

Avocat akageukia kahawa yake. Wote walijua siku ile ya treni ya Bienfait, Locomotive alipaswa kupanda na wenzake wa reli. Malaria njo ilimubakisha kitandani.

Mama Scholo alikuwa anakusanya kila neno. Kigoma, sawa. Bibi munene, sawa, atamusalimia. Pangi, sawa. Hata mule porini: alijiona anafua mashati ya Bienfait katika kijito, anayaanika juu ya mulango wa wagon. Popote, lakini iwe mahali.

Hapo Gisèle akashuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi. Njo mwenye kulinda vitabu vya parokia, alikuwa hajafika pale benchi hata siku moja.

— Jambo wazee. Mama Scholo, unisamehe, nafuata kitabu. Siku zake zimepita, na mwalimu wa Alunguli anakingojea na wanafunzi wake.

— Hatujamaliza! Avocat akaruka. Tuko katika mabishano. Hatujue muzee alipotelea wapi.

Gisèle akapokea kitabu, akafungua mahali pa alama.

— Lakini sura ya mwisho iko hapa, nzima. Mulifika hapa lini?

— Siku kumi zimepita, Mama Euphrasie akasema chini chini.

— Sasa kwa nini hamusome tu?

Avocat akaangalia viatu vyake. Locomotive akapuliza kahawa iliyopoa zamani. Mama Euphrasie akaosha kikombe kisafi.

— Mimi nilikisoma, Gisèle akasema, labda niwasaidie. Muzee ule...

— Nyamaza! Wote wanne, sauti moja, mupaka muntu wa moto akageuka.

— Mutoto yangu, Locomotive akamubembeleza, mupelekee mwalimu. Sisi tumetosheka.

— Ndiyo, apeleke, akasema Avocat, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukubali kitu.

Mama Scholo akanyoosha mukono.

— Leta.

— Scholo, tuache tu, akasema Mama Euphrasie.

— Hapana. Nilikwenda kusoma juu ya nini? Niliona aibu, uzee huu, ninaandika a-e-i-o-u pamoja na wasichana. Ni juu ya siku habari ya Bienfait itafika, nisiibebe kwa jirani anisomee. Leta, mutoto.

Akavaa miwani. Wakasogea, wakakaza masikio. Sauti haikutoka. Macho yake yalikuwa yanatembea, midomo imefungwa; hajapata kusoma vile, ndani ya moyo, peke yake. Wakabaki wanachungulia uso wake, na uso ule haukuwapa kitu.

— Mama Scholo, Locomotive akauliza polepole. Muzee anafika?

Mama Scholo akageuza ukurasa.