Hedi Isiyopita kwa Fundi Faraji Haifungwi

Alhamisi tarehe 29 Novemba 2018, Fundi Faraji Mwinyikombo atavua ovaroli ya kampuni kwa mara ya mwisho, baada ya miaka kumi na saba ya kuhudumia mabasi yetu hapa Industrial Area, huku Uarabuni. Kuandika wasifu wake nimepewa mimi, kwa sababu nimeendesha mabasi aliyoyatengeneza, na pia kwa sababu gereji hii haina mwingine mwenye Kiswahili kitamu kama changu. Shule niliiacha mapema, lakini dunia sikuiacha: nimeshika usukani Mombasa, Maskati na Manama, na mafundi nimewaona. Kama huyu, bado.

Faraji alikuja kutoka Tanga mwaka 2001, akaanzia kwenye matairi. Haukupita muda akawa fundi wa injini, na mwishowe mkuu wa injini za mabasi yote yanayopeleka wafanyakazi Al Wakrah na Al Thumama. Unyenyekevu hakuujua. Kazi yake aliisifu mwenyewe kabla wewe hujafungua mdomo, na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Sheria yake tunaijua sote. Kitu chochote kilichotoka kwa wachongaji wa vyuma, hata king'ae kama pete ya bibi harusi, kwake kilikuwa mgeni wa kuhojiwa. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ikirudi kutoka kusagwa valvu, aliigeuza juu chini, akamimina mafuta ya taa palipo na valvu, kisha akaagiza karak, chai nzito ya maziwa na iliki, kwa gereji nzima. Tunakunywa, tunatazama. Vikombe vikiisha na mafuta hayajapenya, hedi inafungwa. Yakipenya, inarudi ilikotoka. Wapo waliokuwa wakiombea ivuje ili wapate chai ya pili. Sitaji majina, ila Philipo wa matairi anajijua.

Mwaka 2009 sheria hiyo nusura imkoseshe harusi ya bintiye, Sabra. Ndege yake ilikuwa jioni, na asubuhi ile ile hedi ya basi langu ikarudi. Akamimina, akaagiza chai. Jeremiah, msimamizi wetu, uvumilivu ukamwisha: "Mzee, funga hiyo kitu uende kwenu! Hao watu wana mashine mpya kabisa."

"Mashine yao haipandi basi hili, bwana. Anapanda Laban huyu na watu wake," Faraji akamjibu, akininyooshea kidole.

Chai haijafika nusu, mafuta yakaanza kudondoka upande wa ekzosi, kunakotokea moshi.

Mwingine angefumba macho. Yeye aliipakia hedi kwenye pikapu, akaenda kuwasimamia wachongaji mpaka valvu ikasagwa upya mbele yake. Huku mkewe, Bi Asha, anapiga simu kutoka Tanga: bibi harusi amegoma kupakwa hina mpaka baba afike. Aliporudi, mafuta tena, karak tena. Sijawahi kunywa chai kwa hofu namna ile. Safari hii, hata tone!

Tuliivamia injini gereji nzima. Ilipowaka nikampeleka uwanja wa ndege kwa basi lile lile, abiria yeye peke yake, ananuka mafuta ya taa, kanzu ya harusi iko kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa wa mwisho kuingia ndegeni. Picha ya harusi ipo ukutani ofisini: Sabra kamkumbatia baba yake, anacheka, na pua kaikunja.

Basi lile lilitembea miaka mingi bila hedi kufunguliwa tena. Mafundi wote wa injini tulio nao leo wamepita mikononi mwake, na vitambi vyao vya karak ni ushahidi.

Ahsante, Fundi, kwa kutufikisha salama kila siku. Kaishi kwa raha na Bi Asha, ukadekezwe na wajukuu. Ndege yako ni Jumamosi, na mudir, meneja wetu, ametoa amri: mpaka ipae, gereji hii haipokei hedi yoyote kutoka kwa wachongaji.

Laban Makokha, dereva