Sauti ya Nne ya Mwalimu Revocatus Ishengoma

Baba Paroko, wanakwaya, majirani wa Kiseke na ndugu mliosafiri kutoka Kamachumu, familia imeniomba mimi, mtoto wa mwisho, niwasomee maisha ya mpendwa wetu.

Mwalimu Revocatus Ishengoma alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kamachumu, Wilaya ya Muleba, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Pius na Mama Justa, wakulima wa migomba na kahawa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akajiunga na seminari ndogo, ambako, kama alivyopenda kusema, alikwenda kutafuta upadri akarudi na kinanda, kisha akahitimu ualimu mwaka 1983, na Januari 1984 akapangiwa Kisesa, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2021.

Tarehe 8 Septemba 1990 alifunga ndoa na Bernadetta, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia aliyoifundisha, wakajaliwa watoto watatu, Alexander, Odeta na Prudencia.

Alitunga nyimbo sitini na tatu. Albamu ya kwanza, Nyavu Tupu, ilirekodiwa kwa kaseti mwaka 1998, ya pili, Mwamba wa Asubuhi, ilitoka mwaka 2009 pamoja na video iliyopigwa juu ya mawe ya ufukweni, na ya tatu, Taa ya Mlinzi, aliianza Januari mwaka huu wa 2025, akiwakatalia vijana midundo ya kompyuta hadi kila mmoja aimbe nota zake bila kinanda. Alikuwa na desturi moja, ya kuandika sauti tatu kwanza, na besi, yaani sauti ya nne, kuwafundisha waimbaji wake kwa mdomo, akiiandika baada ya kuisikia vifuani mwao. Aliwatania kuwa Wasukuma wanaimba besi kana kwamba wanaita ng'ombe, na kiongozi wao, Masalu, alimjibu, "Mwalimu, ng'ombe wetu wanaitika, nyie ndizi zenu zimewahi kuwaitikia?"

Mwezi Machi sauti yake ilianza kukwaruza, akasema ni mafua ya masika, akaendelea kufundisha. Tarehe 22 Mei vipimo vilionyesha saratani ya koo, na tarehe 17 Julai alifanyiwa upasuaji, ambao baada yake hakutoa sauti tena. Nyimbo tisa zilikuwa zimekwisha kurekodiwa, ukabaki wa kumi, ule unaobeba jina la albamu, ambao besi yake ilikuwa bado kichwani mwake.

Jumamosi tarehe 9 Agosto, saa 12:10 jioni, alichukua daftari ambamo Prudencia aliandika saa za dawa na joto la mwili, akaandika ukingoni, "Karatasi. Besi." Prudencia hakutaka kuchana ukurasa, asije akavuruga kumbukumbu za dawa, akamwambia, "Pumzika kwanza, Baba, kesho nitakuletea karatasi nzuri." Marehemu alimtazama, akafunika kalamu, akairudisha mezani. Jumapili tarehe 10 Agosto, saa 11:20 alfajiri, aliaga dunia. Katika daftari hilo, baada ya dawa ya saa 3:00 usiku, kurasa arobaini na moja ni tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiseke mliopika na kukesha nasi, walimu wenzake wa Kisesa, na kwaya ambayo haikukosa zamu hata moja kando ya kitanda chake.

Masalu alipoombwa kutunga besi ya kujazia, alijibu kwamba hawezi kumwandikia Mwalimu. Hivyo kaburini Taa ya Mlinzi itaimbwa kwa sauti tatu, na wanaume wa besi watasimama mahali pao pa siku zote, wakiwa kimya, hadi mwisho wa wimbo.

Baba, pumzika kwa amani.